Ila Katika Dhahabu: Makosa Adimu ya Sarafu za Kumbukumbu (Sehemu ya Pili)

Mwaka 1892 wakazi wa Jamhuri ya Afrika Kusini, ile dola ya Makaburu iliyokuwa na makao makuu Pretoria, walianza kushika mkononi sarafu za dhahabu zenye sura ya rais wao, Paul Kruger. Dhahabu ya Witwatersrand ilikuwa imegunduliwa miaka sita tu nyuma, na Kruger alitaka nchi iwe na pauni yake yenyewe, inayolingana na ya Waingereza kwa uzito na kwa usafi. Kiwanda cha Pretoria kilikuwa bado hakijakamilika. Kazi ya mwanzo ikapelekwa Berlin, na aliyechonga kalibu akawa Mjerumani, Otto Schultz.

Sarafu zilipofika, watu wakazigeuza upande wa pili kuitazama nembo ya taifa, na ndani ya nembo wakaliona gari la kukokotwa na ng'ombe. Gari lilichongwa vizuri sana, ila halikuwa lao. Gari la Makaburu lilikuwa na mti mmoja wa katikati, maksai wakifungwa jozi jozi kulia na kushoto kwake, na magurudumu ya mbele yalikuwa madogo kuliko ya nyuma. Schultz alichonga gari la kwao Ujerumani: miti miwili, na magurudumu manne yaliyolingana. Kwa taifa lililojihesabu kuwa lilizaliwa juu ya magari yale, wakati wa ile hama-hama kubwa ya kuukimbia utawala wa Waingereza, hilo halikuwa jambo dogo.

Likaongezeka la pili. Chini ya shingo ya rais, Schultz alikuwa ameweka herufi za kwanza za jina lake, O.S., kama wafanyavyo wachongaji wengi. Kwa Kiholanzi walichokisema Makaburu, "os" ni maksai. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, mpinzani mkuu akiwa Jenerali Piet Joubert, na inasimuliwa kwamba waliomtakia Kruger mabaya hawakuhitaji kuambiwa mara mbili la kufanya na herufi hizo. Kalibu zilirekebishwa mwaka uleule, gari likapata mti wake mmoja, na mwanzoni mwa 1893 Kruger akashinda kwa tofauti ndogo ya kura. Zile za miti miwili zikabaki kuwa kitu cha kutafutwa na wakusanyaji mpaka leo.

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza karati za dhahabu na namna zinavyopimwa. Sehemu hii inahusu ila. Pauni ya Kruger ilikuwa fedha ya matumizi, si sarafu ya kumbukumbu kwa maana kamili, lakini imetangulizwa kwa sababu kisa chake kinaonyesha waziwazi jambo ambalo wauzaji wengi wa sarafu "zenye kosa" hawalisemi. Kule Berlin hakuna mashine iliyokosea. Dhahabu ilikuwa ya karati 22, uzito ulikuwa sawa, chapa ilikaa vizuri. Mkaguzi ambaye angeilinganisha sarafu na mchoro ulioidhinishwa asingeona kasoro yoyote, maana mchoro wenyewe ndio uliokuwa na miti miwili. Ndivyo ilivyo kwa dhahabu ya kumbukumbu: kosa la mashine kwa kawaida hukamatwa mle mle kiwandani, ilhali kosa lililofanyika mezani, kwenye barua, kwenye mchoro au kwenye agizo, hupita mlango mkubwa likiwa limepigwa mihuri yote ya idhini.

Kwa nini la mashine hukamatwa? Jibu limo katika namna sarafu hizi zinavyotengenezwa. Dhahabu iliyochanganywa na shaba, au na shaba na fedha kidogo, huyeyushwa, ikamiminwa kuwa mkuo mrefu, ikapitishwa katikati ya rola mpaka ifikie unene unaotakiwa. Kutoka kwenye utepe huo hukatwa visahani vya mviringo, kama mpishi anavyokata unga wa biskuti kwa mdomo wa glasi. Kisahani hupimwa, hunyanyuliwa kingo, hupashwa moto ili kilainike, husuguliwa, kisha huwekwa ndani ya pete ya chuma katikati ya kalibu mbili. Kalibu ya juu hushuka kwa nguvu ya makumi ya tani. Dhahabu husukumwa kuingia kila mchongo, na pete huizuia isitawanyike pembeni. Meno ya ukingoni hutokana na pete hiyo.

Wakusanyaji huyagawa makosa kwa kufuata hatua hizo: kuna kosa la kisahani, kosa la kalibu na kosa la pigo. Kisahani chaweza kuwa chembamba, kimemeguka, au cha sarafu nyingine kabisa. Kalibu yaweza kupasuka, kuchakaa, au kuvaana vibaya na mwenzake. Pigo laweza kwenda upande, kurudiwa, au kupungua nguvu. Kwa sarafu za sokoni, zinazotoka mamia kwa dakika, makosa ya aina hiyo huponyoka kila siku, na mengi hayana thamani kubwa. Dhahabu haiendeshwi hivyo. Sarafu ya kumbukumbu ya daraja la juu, ile inayong'aa kama kioo huku picha ikiwa na ukungu mweupe, huwekwa kwa mkono, moja moja, hupigwa si chini ya mara mbili kwa mwendo wa taratibu, na hutolewa na mfanyakazi aliyevaa glavu anayeikagua chini ya taa kabla ya kuitia kwenye kidonge cha plastiki. Yenye doa hurudi kwenye chungu. Tena kila gramu huandikwa: kiasi kilichoingia lazima kilingane na kilichotoka pamoja na chakavu, la sivyo hakuna anayekwenda nyumbani.

Uingereza wanacho kipimo kingine juu ya hicho. Tangu mwaka 1282 hufanyika kesi ya hadhara ya sarafu, ijulikanayo kama Trial of the Pyx. Sampuli za kila aina hutengwa katika masanduku na kukabidhiwa jopo la chama cha wafua dhahabu wa London, wanaozihesabu, kuzipima uzito na kuuchunguza usafi wa madini. Sarafu za kumbukumbu nazo hupitishwa humo. Ni utaratibu wa kuheshimiwa, na umemtisha kila msimamizi wa kiwanda kwa zaidi ya miaka mia saba. Lakini jopo hupima dhahabu. Kama jina la mtu limekosewa tahajia, mizani haitasema neno.

Pamoja na ulinzi huo, machache huponyoka. Marekani iliacha kutoa sarafu za dhahabu mwaka 1933, ikarudi nazo 1984 kwa dola 10 za Olimpiki ya Los Angeles. Miaka miwili baadaye ikaanzisha Eagle ya dhahabu, sarafu ya kuwekeza inayotolewa kila mwaka kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya wakusanyaji, iliyong'arishwa na yenye herufi W, alama ya kiwanda cha West Point. Ya pili ni ya wawekezaji, isiyo na herufi yoyote, kwa kuwa anayenunua dhahabu kwa uzito hajali imepigwa wapi. Mwaka 1999 kalibu zilizokuwa zimeandaliwa kwa ajili ya namna ya kwanza, zikiwa tayari na W lakini zikiwa bado hazijang'arishwa, zilifungwa kwenye mashine ya namna ya pili. Zikapigwa dola 5 na dola 10, na maelfu yakawa yamekwisha kwenda kwa mawakala kabla mtu hajaitambua herufi iliyokuwa mahali pasipo pake.

Inafaa kuliangalia kosa hilo kwa karibu, kwa sababu wengi wanaoitafuta sarafu hiyo hawajui wanachokitafuta. Mwenye dola 5 ya 1999 huigeuza, huweka kioo cha kukuzia, na huitafuta W ndogo kando ya mwaka. Akiiona, bado hajapata kitu. W ipo pia kwenye ile ya wakusanyaji ya mwaka huohuo, tena kihalali. Lazima aangalie uwanja, yaani ile sehemu tupu isiyo na picha. Ukimrudishia sura yake kama kioo, hiyo ni ya kawaida ya wakusanyaji. Ukiwa umefifia kama dhahabu ya wawekezaji, hapo ndipo W na uso wa sarafu vinapopingana, na mpingano huo ndio unaolipiwa. Kosa liko katika uhusiano wa vitu viwili ambavyo kila kimoja peke yake ni sahihi.

Aina nyingine iliyowahi kuponyoka ni ya kalibu kufungwa vibaya. Sarafu za Marekani hupigwa kwa mkao ambao ukiishika kulia na kushoto kwa vidole viwili kisha ukaibirua, upande wa pili nao husimama wima. Nchi nyingine hufuata mkao wa nishani: unaishika juu na chini ndipo upande wa pili usimame. Msomaji anaweza kujaribu sasa hivi na shilingi iliyo mfukoni. Mwaka 1989, katika dola ya kumbukumbu ya miaka 200 ya Bunge la Marekani iliyotengenezwa kwa madini ya fedha, sehemu ndogo ya zile za kiwanda cha Denver zilitoka na mkao wa nishani. Picha zote ni kamili, maandishi yote ni kamili, na wengi wa walionunua walizitazama ndani ya kidonge bila kuzigeuza. Ndiyo sababu zilichelewa kujulikana.

Kisa maarufu zaidi cha kosa lililoponyoka si cha dhahabu halisi, ni cha dhahabu ya rangi. Mwaka 2007 Marekani ilianza kutoa dola za kuwakumbuka marais wake, sarafu za mchanganyiko wa shaba wenye manganizi zinazong'aa manjano. Mwaka wa kutolewa, herufi ya kiwanda na kaulimbiu ya taifa ya kumtumaini Mungu viliwekwa ukingoni, na uandishi huo ulifanywa na mashine ya pili baada ya sarafu kupigwa chapa. Makasha kadhaa ya George Washington hayakupitishwa kwenye mashine ya pili. Sarafu zikaenda benki zikiwa na ukingo laini. Kukazuka kelele, wengine wakidai kuwa serikali imemfukuza Mungu kwenye fedha kwa makusudi, na baadaye Bunge likaagiza kaulimbiu irudishwe usoni, jambo lililofanyika kuanzia sarafu za 2009. Sokoni mambo yalikwenda kwa kasi. Za kwanza ziliuzwa kwa mamia ya dola. Ilipobainika kuwa zilizotoka ni makumi ya maelfu, bei ikaporomoka. Wajanja nao hawakulala. Wakachukua dola za kawaida na kuzisugua ukingo kwa tupa.

Zipo pia sarafu chotara, zenye uso wa sarafu moja na mgongo wa nyingine. Mwaka 2000 kiwanda cha Philadelphia kilitoa chache zenye uso wa robo dola, sura ya Washington, na mgongo wa dola ya rangi ya dhahabu ya Sacagawea, tai arukaye. Zinazojulikana hazizidi ishirini na kidogo. Mwaka 2014 ilikuwa zamu ya Royal Mint ya Uingereza: kalibu za uso za sarafu za Britannia na za Mwaka wa Farasi zilibadilishana nafasi, na zipatazo 17,000 za Farasi, za madini ya fedha, zikatoka na uso usio wake. Tofauti kati ya nyuso hizo mbili ni vijidoti vya kuzunguka ukingo. Hapo mtu anaweza kumsamehe mkaguzi.

Turudi mezani, maana huko ndiko kwenye uhondo.

Mwaka 1922 ilitimia miaka mia tangu kuzaliwa kwa Ulysses S. Grant, jemadari aliyeiongoza Kaskazini kushinda vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na baadaye akawa rais. Kamati ya kumbukumbu yake huko Ohio iliomba sarafu mbili ili kuchangisha fedha: nusu dola ya madini ya fedha, na dola ndogo ya dhahabu yenye upana wa milimita 15 tu, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba cha mtu mzima. Zote zilibuniwa na Laura Gardin Fraser. Uso una Grant mwenye ndevu, mgongo una nyumba iliyozungukwa na miti.

Dola za dhahabu ziliruhusiwa 10,000. Kamati ikafanya hesabu ya kibiashara. Kama nusu yake zingetiwa alama ndogo, kila mkusanyaji angelazimika kununua mbili badala ya moja. Alama iliyochaguliwa ni nyota, iliyodidimizwa juu ya jina GRANT, na haikuwa na maana yoyote. Haihusiani na cheo cha jemadari wala na jimbo lolote. Agizo lilikuwa la dhahabu: 5,000 zenye nyota, 5,000 zisizo nayo. Kiwandani agizo likaeleweka kuwa linahusu sarafu zote mbili. Nusu dola takriban 5,000 nazo zikapigwa nyota ambayo hakuna aliyeiomba.

Kwa hiyo dhahabu, iliyokusudiwa kuwa adimu, ikabaki kama ilivyopangwa, na ile ya madini ya fedha, iliyotiwa nyota kwa bahati mbaya, ikawa ndiyo lulu ya mfululizo mzima. Baada ya zisizouzwa kurudishwa na kuyeyushwa, nusu dola za nyota zilibaki 4,256. Dola ya dhahabu yenye nyota na isiyo na nyota huuzwa kwa bei zisizopishana sana. Nusu dola yenye nyota huuzwa kwa kiasi kikubwa kuliko dada yake. Hakuna kamati ambayo ingeweza kuipanga biashara hiyo kwa ufanisi kama alivyoipanga karani asiyesoma agizo sawasawa. 

Tamaa ikaamsha ufundi. Wagushi wakaanza kununua nusu dola za kawaida na kuzigonga nyota kwa msumari uliochongwa ncha. Anayejua huigeuza sarafu kwanza kabla ya kuitazama nyota. Nyota halali ilitoka pamoja na picha nyingine kwa pigo moja, upande wa pili ukiwa umeegemea kalibu. Nyota ya kugonga ilipigwa wakati mgongo umeegemea meza au ubao, kwa hiyo mkabala wake kabisa, upande wa nyumba na miti, huonekana kipande kilichobonyea na kulainika. Yaani kosa la kweli halina kosa, na la bandia huacha alama nyuma.

Miaka 35 kabla ya hapo, London walikuwa wamefanya la kwao katika sherehe kubwa zaidi. Mwaka 1887 Malkia Victoria alitimiza miaka 50 ya kutawala, na sarafu za dhahabu na za madini ya fedha zikabadilishwa kwa heshima ya jubilei hiyo. Sura mpya ilitokana na kazi ya Joseph Edgar Boehm, na taji dogo lililokaa juu ya kichwa cha malkia kama linaloteleza lilichekwa na magazeti. Kicheko kilipita. Hasara ilikuwa kwenye peni sita. Sarafu hiyo ya madini ya fedha ilipewa ngao mgongoni bila kuandikwa thamani yake, na kwa ukubwa na sura ikafanana mno na nusu pauni ya dhahabu. Peni sita ni nusu shilingi. Nusu pauni ni shilingi kumi. Mtu aliipaka rangi ya dhahabu, akaingia dukani saa za jioni taa zikiwa hafifu, akatoka na mara ishirini ya alichoingia nacho. Serikali iliisimamisha haraka na kuirudisha ya shada la majani iliyoandikwa thamani kwa maneno. Hapa pia hakuna mtambo ulioharibika. Kila aliyeidhinisha ngao ile aliitazama peke yake mezani, na hakuna aliyeilaza kando ya nusu pauni.

Wamarekani walikuwa wameshaonja shubiri hiyo miaka minne mapema, 1883, kwa sarafu ya senti tano iliyoandikwa V bila neno senti. Ikapakwa dhahabu, ikapita kuwa dola tano. London hawakujifunza.

Karne mpya haikuleta kinga. Mwaka 2013 Benki Kuu ya Ireland ilitoa sarafu ya yuro 10 ya madini ya fedha kumkumbuka James Joyce, ikiwa na sentensi kutoka riwaya yake ya Ulysses. Zilipangwa 10,000, kwa bei ya yuro 46. Sentensi ilizidishwa neno moja. Benki iliomba radhi na kuwaambia wanunuzi kuwa wanaweza kurudisha na kulipwa fedha zao. Kwa mwandishi aliyepigania kila nukta katika kazi zake, ni vigumu kufikiria dhihaka iliyo kali zaidi. Miaka michache kabla, Chile ilikuwa imesambaza sarafu za peso 50 zilizoandikwa CHIIE, na mkuu wa kiwanda akapoteza kazi.

Huku kwetu pia kuna dhahabu ya kuzungumzia, ingawa lazima maneno yachaguliwe. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewakatia Wajerumani njia ya bahari, utawala wao wa Afrika Mashariki ulipiga sarafu zake wenyewe katika karakana ya reli huko Tabora. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba. Ikazaliwa rupia 15 yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, na upande wa pili tai wa kifalme na jina la koloni. Zilipigwa zaidi kidogo ya 16,000. Mwezi Septemba mwaka uleule majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakauteka mji.

Tembo wa Tabora ana sura mbili. Katika baadhi ya sarafu, pambo la majani lililo upande wa tai huishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA. Katika nyingine huishia chini ya A. Wauzaji hupenda kuiita moja kati ya hizo "yenye kosa". Si kosa. Kalibu zilichongwa kwa mkono, ya pili haikufanana na ya kwanza, na hakuna aliyekusudia zifanane nukta kwa nukta. Shaba za senti za Tabora, heller 5 na 20, zina tofauti nyingi zaidi, za taji na za herufi. Wakusanyaji huzitambua kwa jina la aina. Aina hutokana na kalibu mbili halali. Kosa hutokana na jambo lililokwenda kinyume cha kusudio. Anayechanganya haya mawili hulipa bei ya la pili kwa kupata la kwanza.

Mfano ulio karibu na kila nyumba ya Kenya ni shilingi za 1966 hadi 1968 zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta bila maandishi ya kuizunguka. Maandishi yaliongezwa 1969. Asiyejua hilo huiona ya mwanzo na kudhani kiwanda kilisahau, kisha huitangaza kwa bei ya gari. Mwaka huohuo wa 1966 Kenya ilitoa dhahabu yake ya kwanza ya kumbukumbu, shilingi 100, 250 na 500, kuadhimisha miaka 75 ya kuzaliwa kwa Mzee. Zile za 500 zilipigwa 500 tu. Mwaka wa kuzaliwa Kenyatta haujulikani kwa hakika, kwa kuwa enzi hizo Gatundu hapakuwa na daftari la vizazi. Mwenye kutaka kucheka na dhahabu hiyo aanze hapo, lakini asiite kosa la kiwanda. Uganda ilifuata na seti ya ziara ya Papa Paulo VI ya mwaka 1969, ikiwamo shilingi 1,000 ya dhahabu iliyo nzito kupita kiasi, na Tanzania ikatoa 1974 shilingi 1,500 yenye duma upande mmoja na Mwalimu Nyerere upande wa pili, katika mfululizo wa kuhifadhi wanyamapori ambao Zaire nayo ilijiunga mwaka 1975.

Sarafu hizo zinapofika kwa sonara wa Mombasa, Unguja au Kariakoo, mara nyingi huja na alama zinazomsisimua mwenyewe bila sababu. Dhahabu ya pwani huvaliwa. Pauni nyingi ziliwahi kuwa kidani au pete, na zilipong'olewa ziliacha tone la lehemu ukingoni, meno yaliyosagika, au mkwaruzo wa mviringo pale kishikio kilipobana. Alama ya namna hiyo imekata juu ya mchongo. Imeletwa na mtu baada ya sarafu kutoka kiwandani, na badala ya kuongeza thamani huipunguza. Kosa la kiwanda huenda pamoja na mchongo: dhahabu imetiririka kuingia ndani yake, haikuchubuka.

Kwa mwenye shilingi 1,500 ya duma mkononi, hatua ya kwanza ni mizani, kabla ya kioo na kabla ya mnada. Uzito wake halali ni gramu 33.4, upana milimita 34, dhahabu sehemu 900 kwa 1,000. Shaba nyeupe au ya manjano ya ukubwa uleule ingefika karibu nusu tu ya uzito huo. Ikipungua kwa sehemu ndogo ya gramu, huenda imechakaa au imesuguliwa. Ikipungua gramu tano, sita, mwenyewe ana sarafu ya bandia, na kampuni za kuthibitisha sarafu kama PCGS na NGC zitamrudishia ikiwa nje ya kile kidonge alichotarajia, pamoja na ankara ya ukaguzi.